Neno la mjane: kisa cha filamu ya Mishima

Asubuhi ya tarehe 25 Novemba 1970, Yukio Mishima aliufunga mswada wa kitabu cha nne na cha mwisho cha msururu wake mkubwa wa riwaya, akauacha nyumbani uchukuliwe na mchapishaji. Kisha akavaa sare ya kikundi chake, Tatenokai, yaani Jumuiya ya Ngao, akaingia garini pamoja na vijana wanne wakaelekea kambi ya jeshi ya Ichigaya, Tokyo. Alikuwa na miadi na Jenerali Kanetoshi Mashita. Walipokelewa kama wageni wa heshima. Haukupita muda jenerali akawa amefungwa kamba kwenye kiti cha ofisi yake mwenyewe, na sharti likatolewa nje: askari wakusanywe chini ya roshani, mwandishi ana neno la kuwaambia.

Akatoka na kitambaa kichwani chenye maandishi ya kiapo cha kuitumikia nchi katika maisha saba. Aliwataka askari waikatae katiba iliyowanyima hata jina la jeshi na wamrudishie Mfalme hadhi yake. Wakamzomea. Helikopta za waandishi wa habari zilikuwa zinazunguka juu, maneno yakapotea hewani. Akaikatisha hotuba, akamtakia Mfalme maisha marefu mara tatu, akarudi ndani, akajipasua tumbo kwa desturi ya samurai iitwayo seppuku. Alikuwa na miaka 45, na kwa wasomaji wengi wa nje ndiye aliyekuwa mwandishi Mjapani anayejulikana kuliko wote.

Sasa jiulize ni nani angethubutu kulitengenezea filamu jambo hilo. Wajapani wenyewe walilikwepa. Mrengo wa kulia ulimwona shahidi na haukutaka aguswe. Mrengo wa kushoto ulimwona kichaa aliyetaka kufufua ufashisti. Na watu wa kawaida, waliokuwa wanajenga uchumi na kununua televisheni za rangi, waliona aibu. Aliyethubutu alikuwa Mmarekani asiyejua Kijapani: Paul Schrader, mwandishi wa mswada wa filamu ya Taxi Driver, mtoto wa familia ya Wakalvini, Waprotestanti wenye msimamo mkali, wa Grand Rapids, Michigan, ambaye hakuona filamu hata moja mpaka alipokaribia utu uzima. Filamu yake, Mishima: A Life in Four Chapters, ilitoka mwaka 1985. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara naondoka na hoja ileile: katika filamu hii, waliokataa walichangia sana kuliko walivyodhani. Na kati yao, mjane wa marehemu ndiye aliyechangia zaidi.

Yoko, aliyeolewa na Mishima mwaka 1958, ndiye aliyeshika haki za kazi za mumewe baada ya kifo. Schrader alitaka kuusimulia moyo wa mtu huyu kwa kupitia riwaya zake, na moja aliyoitamani ilikuwa Kinjiki, inayojulikana kwa Kiingereza kama Forbidden Colors. Ni habari ya mzee mwandishi, mwenye chuki na wanawake, anayemtumia kijana mzuri wa sura anayependa wanaume wenzake ili alipize kisasi. Katika riwaya zote za Mishima, hiyo ndiyo inayotembea waziwazi katika baa na vichochoro vya wanaume wapendao wanaume katika Tokyo ya baada ya vita. Mjane akasema hapana. Hakutaka mumewe aonyeshwe hivyo, na haki zilikuwa mkononi mwake. Kwa hiyo Kinjiki ikaachwa.

Kilichoingia mahali pake ni Kyoko no Ie, Nyumba ya Kyoko, ya mwaka 1959. Kitabu hicho kilipotoka wahakiki wa Japani walikipokea kwa ubaridi uliomuumiza sana Mishima, na wakati filamu inatengenezwa hakikuwepo kwa Kiingereza. Schrader asingeweza kukisoma. Aliyemwezesha kukifikia ni kaka yake Leonard, aliyewahi kuishi na kufundisha Japani, pamoja na Chieko, mke wa Leonard, aliyeshughulikia maneno ya Kijapani katika mswada. Kitabu chenyewe kina vijana wanne: bondia, mchoraji, mfanyabiashara na mwigizaji. Filamu ikamchukua mwigizaji peke yake, Osamu, ikawaacha wenzake.

Na Osamu ndiye kioo safi kuliko vyote. Ni kijana anayejitazama mpaka haoni kingine. Anaanza kunyanyua vyuma ili apate mwili, kama Mishima mwenyewe alivyoanza mwaka 1955, alipokuwa na miaka 30 na mwili wa kijana wa maktaba. Mama yake Osamu ana deni. Aliyemkopesha ni mwanamke mkopeshaji wa riba, na kijana anajiuza kwake ili deni lifutwe. Mwanamke anaanza kumchanja ngozi kwa wembe. Osamu, ambaye hajawahi kuwa na uhakika kama yupo kweli, anaona damu yake na hatimaye anaamini kuwa yupo. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mwenye umaarufu, fedha na familia alitaka kuumaliza mwili wake ukiwa katika kilele cha uzuri, dakika hizo zinakueleza kuliko mahojiano yoyote.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na utata. Kwa upande wa sanaa, katazo la mjane liliinufaisha filamu: Kinjiki ingeipeleka kwenye siri za chumbani, na watazamaji wangetoka wakijadili nani alilala na nani. Nyumba ya Kyoko iliielekeza kwenye ugonjwa wenyewe, ule wa mtu anayetaka kuwa sanamu. Lakini ukweli fulani wa maisha ya mtu umebanwa ukabaki kipande kidogo tu, kijana Mishima akicheza dansi na mwanaume mwenzake baa na kuchomwa na neno juu ya ulegevu wa mwili wake. Anayejua atajua. Asiyejua atapita bila kujikwaa. Familia iliendelea kuulinda mlango huo: mwaka 1998 mwandishi mmoja alipochapisha kitabu kuhusu uhusiano wake na Mishima, akiwa ameweka ndani barua za marehemu, warithi walikwenda mahakamani kwa hoja ya hakimiliki ya barua hizo, wakashinda, na kitabu kikasimamishwa.

Riwaya nyingine mbili ziliruhusiwa. Hekalu la Dhahabu, ya mwaka 1956, ilitokana na tukio la kweli: Julai 1950 mtawa mwanagenzi alilichoma moto Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu la Kyoto lililokuwa limepona vita vyote. Katika riwaya, kijana huyo ana kigugumizi na uzuri wa jengo unamkaba koo. Hawezi kupenda wala kuishi kama hekalu bado limesimama. Ya pili ni Farasi Watorokao, kutoka ule msururu wa mwisho, yenye kijana Isao wa miaka ya 1930 anayekula kiapo na wenzake kuwaua matajiri wanaoichafua Japani, kisha yeye mwenyewe afe kwa upanga jua likichomoza. Ukizipanga tatu hizo utaona ngazi: uzuri unaoumiza, mwili unaotafuta uthibitisho, halafu tendo. Schrader aliviita vipande vyake Uzuri, Sanaa, Tendo, na cha nne Upatano wa Kalamu na Upanga, ambacho ni ile siku ya Ichigaya.

Wapenzi wa sinema wanapoitaja filamu hii, huanza na rangi, na wana haki. Schrader alisuka nyuzi tatu. Siku ya mwisho imepigwa kwa rangi za kawaida, kamera ikitembea kama ya mwandishi wa habari. Utoto na ujana uko katika nyeusi na nyeupe, kwa utulivu wa filamu za kale za Kijapani. Schrader alikuwa ameandika kitabu kuhusu waongozaji watatu, Mjapani Ozu akiwa mmoja wao, kabla hajaongoza filamu yoyote. Riwaya zenyewe zimechezwa ndani ya studio, kwenye seti zisizojificha kuwa ni mbao na rangi: dhahabu na kijani kwa hekalu, waridi na kijivu kwa Osamu, nyeusi na chungwa kali kwa Isao.

Aliyezibuni seti hizo ni Eiko Ishioka, mwanamke aliyekuwa amejijengea jina katika matangazo ya biashara na mabango, na hajawahi kubuni filamu hata moja. Labda ndiyo maana hakuogopa. Hekalu lake linapasuka katikati na kufunguka kama kabati, mwanga wa dhahabu ukimwagika nje. Polisi wanapowavamia Isao na wenzake, kuta za chumba zinaanguka nje zote, vijana wakabaki wazi katikati ya weusi kama vifaranga kiota kilipoondolewa. Miaka michache baadaye Ishioka angeshinda tuzo ya Oscar kwa mavazi ya Dracula ya Coppola, lakini kwangu mimi hakuwahi kupita zile kuta zinazoanguka. Katika tamasha la Cannes la 1985, tuzo ya mchango wa kisanaa ilikwenda kwake, kwa mpiga picha John Bailey na kwa mtunzi wa muziki Philip Glass, kwa pamoja.

Muziki wa Glass nao unajua unakaa uzi upi. Utotoni unasikia vinanda vinne tu vya nyuzi, vikipigwa na Kronos Quartet, karibu kama mtu anayejisemea. Siku ya mwisho ina ngoma za kijeshi. Riwaya zina okestra nzima inayopanda na kupanda bila kupumua. Kama umewahi kutazama The Truman Show ya 1998, umeshasikia vipande vya muziki huu bila kujua vimetoka kwenye kifo cha nani.

Halafu kuna sauti. Filamu nzima inasemwa Kijapani, lakini Mishima anajisimulia pia, kwa maneno yaliyotokana na maandishi yake, hasa vitabu viwili, Maungamo ya Kinyago pamoja na Jua na Chuma. Katika nakala iliyoonyeshwa Marekani sauti hiyo ilisomwa kwa Kiingereza na mwigizaji Roy Scheider. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukimsikiliza DJ akitafsiri juu ya sauti za waigizaji, tunajua vizuri kwamba anayeshika maikrofoni ndiye mwenye filamu. Waliomo ndani ni wageni wake. Hapa DJ ni marehemu mwenyewe.

Tazama utoto unavyosimuliwa. Bibi yake, Natsu, alimchukua kutoka kwa mama yake akiwa mchanga na kumlea ndani ya chumba chake cha ugonjwa, mbali na jua na watoto wa kiume, mpaka alipokaribia miaka 12. Februari 1945 aliitwa jeshini. Siku ya kupimwa afya alikuwa na homa ya kawaida, daktari akadhani ni kifua kikuu, akarudishwa nyumbani. Katika Maungamo ya Kinyago msimulizi anakiri kuwa alitia chumvi dalili zake, kisha anajiuliza kwa nini alikimbia kutoka kambini kwa furaha kiasi kile ilhali alikuwa akidai anatamani kufa. Schrader anaichukua aibu hiyo kama ilivyoandikwa. Hamwiti daktari wa akili, hamwiti rafiki wa zamani, wala mke. Mishima anajishtaki, anajitetea na kujihukumu peke yake.

Hilo ndilo jambo la ujanja zaidi katika filamu hii, na ndilo linalonisumbua. Filamu nyingi za wasifu humfungua mtu kama saa mbovu: chanzo hiki hapa, matokeo yale pale. Schrader alikataa. Alimwacha mtu abaki alivyojiandika. Matokeo yake tunapata taswira ya ndani yenye nguvu ajabu, na karibu hakuna mtu mwingine aliye hai humo. Masakatsu Morita, kijana wa miaka 25 aliyekufa naye siku ileile, ni uso mzuri wenye sare. Mke, ambaye neno lake liliamua sura ya kipande kimoja kati ya vinne vya filamu, karibu haonekani kabisa. Sijui kama hiyo ni adabu, hofu ya mawakili, au kisasi kidogo.

Mpango wa mwisho unajulikana kwa kila anayesoma masomo ya sinema. Kila riwaya inakatizwa kabla mhusika wake hajafika mwisho: kijana wa hekalu bado hajawasha kiberiti, Osamu bado hajafa, Isao bado hajafika ufukweni na upanga wake. Vifo vyote vinawekwa akiba. Halafu Ken Ogata, anayemcheza Mishima, anapiga magoti katika ofisi ya jenerali, upanga unaingia, kamera inausogelea uso wake, na hapohapo vifo vitatu vinaachiliwa kwa mfululizo: hekalu linawaka, Osamu amelala akiwa maiti pembeni ya mwanamke wake, Isao ameelekea bahari. Sauti inasoma sentensi ya mwisho ya Farasi Watorokao, jua linalolipuka nyuma ya kope za mtu anayejichoma. Filamu inakwisha hapo.

Ni mwisho mzuri mno, na ndipo ninapogombana nao. Kwa sababu ile siku ilikuwa imesimuliwa kwa kamera ya mwandishi wa habari, bila urembo: gari, vijana wanaoimba, jenerali anayeshangaa, maofisa wanaopigwa kwa upanga mlangoni, askari wanaocheka. Kuzomewa kule Schrader hakukuficha, na kwa hilo nampa heshima yake. Ogata pale roshani anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka na bado hasikiki. Lakini kumbukumbu za chumbani zinasema kitu kingine. Morita ndiye aliyepewa kazi ya kumkata kichwa Mishima ili kumpunguzia mateso. Alijaribu zaidi ya mara moja akashindwa, na mwenzao, Hiroyasu Koga, akalazimika kuuchukua upanga na kumaliza. Kisha Morita naye akapiga magoti, na Koga akamkata pia. Waliobaki watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 4. Uchafu huo wa kuhangaika, kijana anayetetemeka na upanga asioumudu, ndio ukweli ambao Mishima hakuuandika, maana hakuupanga. Na kwa kuwa hakuuandika, filamu haina pa kuutoa. Inaturudishia jua lake.

Mtetezi wa filamu ataniambia kwamba sinema si ripoti ya polisi. Sawa. Ila mwaka 2012 Kōji Wakamatsu, Mjapani wa mrengo wa kushoto tangu ujana, alitengeneza filamu yake kuhusu siku hiyohiyo, ya gharama ndogo na isiyo na uzuri hata robo wa hii, na akampa Morita nafasi ya mtu. Ukitoka kwa Wakamatsu unawakumbuka vijana. Ukitoka kwa Schrader unakumbuka chungwa na dhahabu.

Kuhusu biashara hakuna mengi. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 5, sehemu kutoka Japani na sehemu kutoka Warner Bros., huku Francis Ford Coppola na George Lucas wakiweka majina yao kama watayarishaji wakuu. Sinema za Marekani zilirudisha kama dola laki 5. Filamu ya Kijapani, ya mwandishi aliyejiua, iliyochanwa vipande vinne. Sidhani kama kuna aliyeshangaa.

Japani ndiko mambo yalikokuwa mazito. Ken Takakura, nyota aliyefikiriwa kwanza kumcheza Mishima, alijitoa. Ogata akakubali, mwigizaji asiyefanana na Mishima hata kidogo usoni lakini mwenye kifua cha kubeba jambo. Alikuwa ametoka kuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Narayama, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1983. Familia haikuipenda filamu, na vikundi vya mrengo wa kulia navyo vilikuwa na maneno yao. Tamasha la filamu la Tokyo, lililoanza mwaka huohuo wa 1985, halikuionyesha, na hakuna msambazaji aliyeipeleka kwenye kumbi za nchi hiyo. Hakukuwa na hukumu wala amri ya serikali. Watu walikwepana tu, kila mmoja akimwachia mwenzake. Ni mwaka 2025, miaka 100 tangu Mishima azaliwe, ndipo tamasha hilohilo la Tokyo lilipoionyesha. Ogata alikuwa ameshafariki mwaka 2008, Ishioka mwaka 2012, na Yoko mwenyewe tangu 1995.

Jambo moja la mjane nimelibakiza. Mwaka 1966 Mishima aliongoza na kuigiza filamu fupi iitwayo Yūkoku, Uzalendo, kutokana na hadithi yake mwenyewe: luteni kijana analala na mkewe kwa mara ya mwisho, kisha anajipasua tumbo, naye mke anamfuata. Baada ya Ichigaya, Yoko alitaka nakala zote ziteketezwe, na kwa miaka mingi watu waliamini filamu imepotea. Mwaka 2005 ikajulikana kwamba mkanda halisi ulikuwepo muda wote, umehifadhiwa nyumbani kwa Mishima ndani ya sanduku la chai. Leo inapatikana kwenye DVD, na ukiitazama baada ya ile ya Schrader utaona kamera haigeuzi uso hata kidogo: upanga unaingia, unavutwa, matumbo yanatoka. Luteni anajimaliza mwenyewe kwa kujichoma koo. Chumbani humo yuko yeye na mkewe tu, hakuna Morita.